Mama Hortense na Ushuhuda wa Kazadi

Mama Hortense Mwadi hakupewa kazi ya kuongoza watoto wenye makosa kwa sababu ya masomo. Alisoma pale Panda, mtaa wa Likasi, mpaka darasa la sita, kisha mama yake akashikwa na ugonjwa, na yeye, kwa kuwa alikuwa binti mkubwa, ndiye aliyebaki na mwiko mkononi. Baadaye aliuza mandazi kando ya barabara ya taksi. Akaolewa na dereva wa lori, mtu wa kuchekesha sana, ambaye siku moja alipeleka mzigo Kolwezi na akaoa huko huko. Watoto wake wakakua, wakaenda zao Lubumbashi. Ndipo akaja kupika kule Fwaye.

Fwaye ni lupango, kiwanja chenye ukuta mrefu, nyuma ya soko la Kikula. Ni nyumba ya kundi la wamama wa maombi. Mwamuzi wa watoto huwapeleka pale wale ambao hataki wachanganyike na wakubwa gerezani: vijana walioiba, waliopigana, waliokamatwa kwenye mashimo ya madini usiku, na wasichana wachache wanaolala chumba cha peke yao. Kiongozi wa kwanza alikuwa bwana mmoja mwenye kuvaa tai kila siku. Alikwenda Lubumbashi kwa semina, na mpaka leo semina haijaisha. Wamama wa maombi wakakutana, wakaona watoto wanamsikia mpishi kuliko walivyomsikia bwana wa tai. Wakasema, "Hortense iko na moyo. Tumupatie funguo." Basi akazifunga zile funguo kwa kipande cha kitenge, akazitia shingoni, na tangu siku ile watoto wakaanza kumwita Mama Directrice.

Aliongoza kwa namna yake. Hakupiga mtoto. Waliopigana aliwapa sufuria moja kubwa iliyoungua chini, wakaisugue pamoja kwa mchanga mpaka ing'are, na haikupata kung'ara kabla hawajaanza kucheka. Asubuhi waliomba, wakafagia, wakachota maji. Mgonjwa alilala chumbani mwake Mama Hortense mwenyewe. Mlangoni alikaa Papa Assumani, mtu wa asili ya Kindu, Mwislamu, mwenye mdomo usiofungwa. Alikuwa mlinzi, fundi wa mabomba na mwenye kunyoa vichwa, yote pamoja.

Jambo lililomshinda Mama Hortense ni chakula. Chakula cha serikali kilikuwa ahadi. Wamama wa maombi walileta walichokuwa nacho, nao wenyewe hawakuwa na kitu. Kulikuwa na siku ambazo bukari, ugali wetu, ilikuwa nyepesi kama uji, na watoto wakubwa wakatazama sahani za wadogo kwa macho ambayo Mama Hortense hakuyapenda.

Ndipo makanisa yakaanza kuja siku ya Jumapili mchana. Kanisa hili leo, lile Jumapili nyingine, na kwaya, na ngoma, na mfuko wa mchele au maharagwe, na sabuni. Na kama ilivyo desturi ya makanisa yetu, baada ya nyimbo huja ushuhuda. Mtu anasimama, anasema Mungu alimtoa wapi. Mara ya kwanza alisimama Plamedie, msichana aliyeuza vitenge vya mama yake wa kambo na kutoroka nyumbani. Alisema maneno machache tu, akalia kweli. Wageni wakalia naye. Wiki iliyofuata wakarudi, na mifuko ikawa mingi kuliko ile ya kwanza.

Mama Hortense akaona lile jambo, akalitunza moyoni. Hakuliona baya. Alimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Jumamosi mchana watoto walikaa naye uani kuchagua maharagwe, wakitoa mawe. Hapo ndipo ilipoanza ile kazi ambayo wao wenyewe waliiita kupasha moto. "Mama, upashe moto ushuhuda yangu," mtoto alisema, na Mama Hortense akamsaidia. Mwanzoni alisaidia sauti tu. "Usikimbie, muanangu. Pale kwa mama yako simama kidogo, uvute pumzi." Kisha akasaidia machozi. Kisha, polepole, bila kujua ni siku gani alivuka, akasaidia maneno yenyewe. Vitenge vya Plamedie vikawa sumu ya panya iliyotiwa ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na ile sombe ikamwagwa dakika ya mwisho kwa sababu wimbo ulisikika kutoka kanisa la jirani. Lo, ile sombe ilileta mchele!

"Kwetu ku musikiti," Papa Assumani alimtania, "siku ya Idi tunaleta nyama, tunaacha hapa, tunaenda. Hatuulize mutoto alifanya kosa gani."

"Na Idi yenu inakuya mara ngapi ku mwaka, Papa Assumani?"

"Ah, pale umenikamata, Mama."

Wakacheka wote. Hakuna aliyeona haya siku zile.

Kazadi aliletwa mwanzo wa kiangazi. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye kuongea kama mtu anayelipia kila neno. Kosa lake lilikuwa pompe ya maji. Aliiba kwenye depo moja ya madini, njia ya Shinkolobwe, mahali wanapooshea mawe, penye zamu, mlinzi mmoja wa usiku, akashikwa kesho yake akiibeba kwa baiskeli. Hivyo tu. Jumapili yake ya kwanza alisimama akasema, "Niliiba pompe. Nilishikwa. Mungu asifiwe." Akakaa. Wageni wakatazamana. Mama mmoja wa kwaya alikohoa ili asicheke.

Jumamosi iliyofuata Mama Hortense akamweka karibu naye kwenye maharagwe.

"Kazadi, ile siku ya pompe, zamu alikuwa wapi?"

"Alikuwa analala, Mama."

"Alilala tu? Hakuamuka?"

"Hapana. Alikuwa anakoroma sana."

Watoto wakaangua kicheko. Mama Hortense naye akacheka, akafuta macho.

"Sasa ukisema vile, bantu batacheka kama hawa. Hakuna muntu anatoa muchele juu ya zamu mwenye kukoroma. Pengine aliamuka kidogo?"

Kazadi akamtazama. Alikuwa na jiwe dogo mkononi, alilolitoa ndani ya maharagwe.

"Unataka aamuke, Mama?"

"Minye sitaki kitu. Nauliza tu."

Jumapili, katika ushuhuda, zamu akaamka, na Kazadi akawa na wenzake, wakamfunga kamba. Jumapili nyingine wakampiga kwa chuma. Kazadi alikuwa ameonja kitu kipya: watu wazima wanamsikiliza, wamama wanamshika kichwa na kumwombea. Mara ya tatu akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa. "Akaanguka. Tukamuita, hakujibu. Tukakimbia." Mama Hortense alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alilisikia lile neno jipya kama mtu anavyosikia sahani ikivunjika chumba kingine. Alijua halikutokea. Lakini nyuma yake wageni walikuwa wanalia, na mlangoni palikuwa na mifuko miwili ya mchele. Akainamisha kichwa, akasema amina pamoja na wengine.

Jumapili iliyofuata lilikuja kwa mara nyingine kanisa la Pasta Jean-Claude, kutoka upande wa Shituru. Lilikuwa kanisa la nguvu, lenye kwaya iliyovaa kitenge cha aina moja. Pasta alimpenda sana Mama Hortense. Alisema mbele ya wote kwamba nyumba hii ni mahali ambapo Mungu anafanya kazi bila kupumzika. Kisha Kazadi akasimama. Alisema yote, sasa akiwa fundi. Alipofika kwenye "hakujibu" alinyamaza, akavuta pumzi, na uwanja mzima ukavuta pumzi naye.

Katikati ya ule ukimya mama mmoja akasimama. Alikuwa mnene, amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Ni wapi?" aliuliza. "Mutoto, ni depo ya wapi?"

Kazadi akageuza macho kwa Mama Hortense. Mama Hortense alikuwa anatazama Biblia iliyo magotini mwake.

"Ku njia ya Shinkolobwe," Kazadi akajibu, maana hilo lilikuwa kweli.

Yule mama akatoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Wenzake wakamshika kabla hajaanguka. Jina lake lilikuwa Mama Berthe. Mume wake alikuwa zamu kwenye depo za njia ile ile, na mwaka uliopita walimkuta asubuhi amelala kando ya lango, kichwa kimepasuka. Aliishi siku chache hospitalini bila kusema neno. Waliompiga hawakupata kushikwa. Likasi nzima ilijua habari ile, na Mama Hortense aliijua pia, ila siku zile za maharagwe hakuifikiria.

Jumatatu polisi walikuja kuuliza, wakisema pengine kijana amechanganya usiku wa pompe na usiku mwingine wa mwaka jana. Jumanne ikaja habari kwamba mwamuzi wa watoto ataketi Ijumaa kusikiliza, na kwamba jambo likithibitika, Kazadi hatabaki Fwaye. Atapelekwa kungoja kesi ya damu mahali pengine, pamoja na watu walioua kweli. Mpaka hapo alifungiwa chumba cha akiba, peke yake, na aliyegeuza ufunguo alikuwa Mama Hortense.

Jumatano alikwenda kwa Mama Berthe. Njiani alipanga maneno. Atasema, mama, mutoto hakuua muntu, ni minye. Alipofika alimkuta Mama Berthe anaosha mboga uani, uso wake umelegea kama wa mtu aliyelala vizuri baada ya muda mrefu.

"Ee, Mama Directrice! Kuya, ukae. Leta kiti, weye Jessy, kile kizuri!" Akamshika mikono yote miwili. "Mama, Mungu alikutumia. Mwaka muzima nilikuwa natazama kila kijana ku njia. Ni huyu? Ni ule? Leo nikitoka inje naona tu batoto ya bantu. Unajua ile ni nini?"

Mama Hortense akakaa kwenye kiti kizuri. Maneno aliyopanga yakawa mbali.

"Mama Berthe," akasema mwisho, "batoto... batoto banaongezaka."

"Banaongeza nini?"

"Ku ushuhuda. Mutoto anaweza kuongeza kintu yenye haikufanyika."

Mama Berthe akaacha mboga. "Mbele ya Mungu? Mutoto anaweza kusimama mbele ya Mungu na kubeba uongo wa damu?"

Hapo palikuwa mlango umefunguliwa kabisa. Ilikuwa ni kuingia tu.

"Anaweza, Mama," akasema Mama Hortense. "Huyu anaweza."

Akasikia alivyosema. Huyu. Aliuchukua uongo wake mwenyewe, akamtwika mtoto aliyefungiwa chumba cha akiba.

"Basi ni mubaya kuliko nilivyofikiri," Mama Berthe akasema polepole. "Aliua, na sasa anataka kukana kupitia weye, juu uko na roho laini. Mama, chunga sana. Banakuona mupole." Alipomsindikiza mpaka njiani alimpa fungu kubwa la lengalenga, ile mchicha aliyokuwa anaiosha, lenye maji bado. "Ya batoto," akasema. Na Mama Hortense akalipokea. Alitembea nalo mpaka Kikula, akilibeba mbali kidogo na mwili wake, na jioni watoto wakala.

Alhamisi Papa Assumani alimfuata jikoni. Alikuwa hana utani.

"Mama, batoto banaongea na Kazadi ku dirisha."

"Banasema nini?"

"Banamuambia anyamaze. Asitaje maharagwe, asitaje Jumamosi. Banasema akitaja, makanisa hayatakuya tena, na benye kubaki hapa batakufa njaa juu yake." Akakuna kidevu. "Na minye, Mama, sikuwafukuza pale. Niko na aibu kukuambia, lakini sikuwafukuza. Tutakula nini?"

Mama Hortense akaenda kufungua chumba cha akiba. Kazadi alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, magoti kifuani. Hakusimama, na yeye siku zote alisimama.

"Muanangu," akasema. "Kesho mbele ya juge utasema nini?"

"Sijue."

"Sema ulidanganya. Sema hakuna zamu aliamuka."

"Nikisema vile ataniuliza, juu ya nini ulidanganya? Nitajibu nini?" Akangoja. "Papa polisi alisema kila muntu akikamatwa anasema alidanganya."

Nje mtoto mmoja alikuwa anapiga ndoo kama ngoma, na mwingine akamfokea anyamaze. Kazadi akainua macho. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho yale yale ya Jumamosi, ya mtoto anayesubiri kuonyeshwa pa kuvuta pumzi.

"Weye unataka niseme nini, Mama?" akauliza. "Niambie. Nitasema vile."

Mama Hortense akashika ukingo wa mlango. Alikuwa amesali tangu Jumapili, akimwomba Mungu amtoe mtoto huyu katika shimo, na hakuwa amemwambia Mungu ni nani aliyechimba. Kila neno ambalo angempa sasa lingekuwa la kupashwa moto. Angekwenda kesho mbele ya mwamuzi na ushuhuda mwingine wa Mama Hortense kinywani.

"Usiseme kitu," akamwambia. Sauti yake ilikatika, na mara hii hakuikata mwenyewe. "Kula kwanza."

Ijumaa walikwenda kwa miguu, yeye, Papa Assumani na Kazadi katikati yao. Ofisi ya mwamuzi ilikuwa chumba kimoja chenye meza na mabenchi. Umeme ulikuwa umekatika, mlango ukaachwa wazi ili mwanga uingie. Mama Berthe alikuwa amekwisha kufika pamoja na Pasta Jean-Claude. Mwamuzi alikuwa mtu wa makamo, mwenye homa ya mafua, akishika kitambaa puani. Alimwuliza Kazadi kama ni kweli alisema maneno yale mbele ya kanisa.

"Nilisema," Kazadi akajibu.

"Ni kweli yalifanyika?"

Kazadi akanyamaza. Mwamuzi akauliza tena. Kazadi akatazama sakafu, na ule ukimya ukaanza kufanana na jibu. Mama Berthe akafunga macho, midomo inasali.

"Mama Directrice," mwamuzi akasema, "weye njo unaishi naye. Unajua nini?"

Mama Hortense akasimama.

"Baba Juge, mutoto huyu..." akaanza, na akasikia kwamba ameanza tena na mtoto. Akaacha. Akaanza upya. "Ni minye, Baba Juge. Ile maneno ni yangu. Zamu alikuwa analala. Kazadi alibeba pompe, akaenda. Minye njo nilimuamusha ule zamu, Jumamosi, tukiwa ku maharagwe. Nilimufundisha, juu makanisa balete chakula."

Kisha Pasta Jean-Claude akasimama, uso umejaa huruma.

"Baba Juge, ninaomba neno. Huyu mama tunamujua sisi wote. Ana moyo wa mama. Anataka kujitupa mahali pa mutoto. Ni upendo, lakini si ukweli. Minye mwenyewe nilisikia ule ushuhuda. Roho alikuwa ndani yake. Muntu hawezi kufundisha vile."

Mwamuzi akatikisa kichwa. "Mama, huruma yako naiona. Lakini siwezi kuacha jambo la damu juu ya huruma."

Hakuna aliyemsadiki. Miaka yote ya upole wake, watu wakimsifu sokoni, wakimwita mama wa watoto wa wengine, yote ilikuwa imesimama mlangoni kumzuia. Mama Hortense akatazama pasta. Akatazama Mama Berthe, akashindwa kumtazama, akashusha macho. Kisha akaunganisha mikono mbele, kama watoto walivyofanya, akaanza.

"Jina yangu ni Kazadi. Nilikuwa mutoto wa giza. Mama yangu aliniomba, muanangu, usitoke leo..." Akanyamaza pale pa kunyamaza. Akavuta pumzi. "Minye nilicheka. Nilichukua chuma." Akaenda mpaka mwisho, sauti ikishuka pale iliposhuka, ikitetemeka pale ilipotetemeka, mpaka kwenye "tukamuita". Pale pa "hakujibu" mwenyewe hakuweza, akaruka. Wala hakuishia hapo. Akabadili sauti. "Jina yangu ni Plamedie. Nilinunua sumu ya panya. Mama yangu wa kambo alikuwa anapenda sombe sana..."

"Mama," Pasta Jean-Claude akasema.

"...niliiweka ku moto, nikasikia wimbo ku ukuta ya jirani. Pale mutoto anasimama, Baba Pasta, analia kidogo. Siyo sana. Akilia sana maneno haisikilike. Weye siku ile ulitoa kitambaa chako ukamupatia." Akaanza wa tatu, wa kijana aliyekwisha kurudi nyumbani kwao. Alikuwa anawajua wote. Machozi yalimtoka, na hata machozi hayo yalimchukiza, maana yalikuja mahali pake.

"Inatosha," mwamuzi akasema. "Mama, inatosha. Ukae."

Pasta alikuwa ametazama ukuta. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Papa Assumani alikuwa na kofia usoni. Kazadi peke yake ndiye aliyemtazama Mama Hortense, mdomo wazi, kama mtu aliyemwona mkubwa wake akianguka matopeni sokoni.

Mwamuzi akapenga kamasi, akafikiri, akauliza mambo mengine madogo, kuhusu zamu wa depo ile ya pompe, kama yuko hai. Papa Assumani akasema yuko, wanakutana naye msikitini, na bado anakoroma hata wakati wa mawaidha. Hakuna aliyecheka. Mwamuzi akasema ataagiza zamu huyo aitwe athibitishe, lakini kwa alichosikia, jambo la damu halimhusu mtoto huyu. Arudi Fwaye amalize adhabu ya pompe. Kuhusu Directrice, atawaandikia wamama wa maombi, na wao wataona kama funguo zinafaa kubaki shingoni mwake.

"Ni haki," akasema Mama Hortense.

Nje, kwenye uwanja wa vumbi, alimfuata Mama Berthe. Alijua kwamba kumwacha aende hivi hivi kungekuwa dhambi nyingine. Mama Berthe akageuka.

"Usinipigie magoti hapa," akasema, maana aliona alivyotaka kufanya. "Bantu banapita."

"Mama Berthe..."

"Ulinipatia muntu. Nililala, Mama. Siku ngapi hizi nililala. Sasa umenirudisha ku njia, kutazama kila kijana." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, ya mtu anayeongea kanisani. "Na ulikaa ku kiti yangu. Ukaniambia, huyu anaweza. Ukabeba lengalenga yangu."

"Ndiyo," Mama Hortense akasema. "Niliibeba."

Mama Berthe akangoja kama kuna kingine. Hakikuwapo. Akajifunga kitenge vizuri, akaenda kusimamisha taksi. Pasta Jean-Claude akapita bila kuaga.

Njia ya kurudi Kazadi alitembea mbele. Pikipiki zilipita na magunia, baiskeli zilipita na makaa, na watu waliomjua Mama Hortense wakamsalimu kama kila siku, "Jambo yenu, Mama Directrice," na yeye akainua mkono nusu. Karibu na soko kijana akasimama akamngoja.

"Habatakuya tena," akasema.

"Pengine hapana."

"Batoto batanichukia."

"Batanichukia minye. Nitabaambia ni minye."

"Haukuwa wa kusema bote," Kazadi akasema, na sasa hasira ilikuwapo, hasira ya kweli. "Plamedie alikuwa anapenda ile sombe yake. Ungesema tu yangu."

Mama Hortense hakuwa ameliwaza hilo. Aliona sasa, pale njiani, kwamba hata katika kusema kweli alikuwa amechukua vitu vya watoto bila kuwauliza, akavimwaga mezani.

"Umesema kweli," akamjibu. "Nitamuomba musamaha."

Papa Assumani alitangulia kufungua lango. Habari ilikuwa imefika kabla yao, kwa njia ambazo habari hutumia Likasi, lakini ilikuwa imefika nusu. Watoto walijua tu kwamba Kazadi amerudi na kwamba Mama Directrice alisimama mbele ya juge akamtetea. Wakatoka mbio wote. Wakamnyanyua Kazadi juu, wakamzungusha, na mmoja akaleta ndoo, wakaanza kuimba wimbo wa shukrani, wakiingiza jina la Mama Hortense mahali pa jina la Daudi.

"Musiniimbie," akasema. "Batoto, musiniimbie. Nyamazeni kidogo, niko na neno."

Wakadhani ni unyenyekevu, kama kawaida yake. Plamedie akamkumbatia kiunoni, akaimba kwa nguvu zaidi. Juu ya mabega ya wenzake Kazadi hakuimba. Alimtazama tu, kuona atafanya nini.

Mama Hortense akaweka mkono juu ya kichwa cha Plamedie, kisha akautoa, kwa kuwa aliona hana haki nao. Akasimama katikati ya wimbo, akingoja uishe ili aanze.